Mizani Inayokula

"Mwanangu, mizani yako inakula."

Aliyeniambia hivyo ni mama mmoja mtu mzima, kwenye ghala la chama cha msingi huko juu uwanda wa Makonde, wiki ya kwanza ya kupokea korosho. Alikuwa amepima magunia 12. Karatasi aliyochapiwa ilionyesha 11. Hakupaza sauti, hakuniita mwizi, wala hakuanza kwa kuniomba radhi. Alinionyesha karatasi, akanipeleka hadi ukutani yalipopangwa magunia yake, akayahesabu moja moja kwa kidole mbele ya karani, kisha akarudi kukaa kwenye benchi akisubiri jibu.

Programu iliyokuwa inarekodi uzito ilikuwa yangu. Karani alikuwa bado anaandika kila gunia kwenye daftari, kama tulivyokubaliana kwa kipindi cha majaribio, kwa hiyo haki yake haikupotea. Jioni ile tulimchapia karatasi nyingine. Lakini nilirudi Mtwara mjini sina amani. Usiku ule, nyumbani Ligula, nilipofungua msimbo, yaani maandishi yanayoiendesha programu, nilikuta makosa mawili, na yote mawili nilikwisha kuambiwa. La kwanza niliambiwa kwa adabu nyingi mno, nikalipita. La pili niliambiwa waziwazi, nikamjibu aliyeniambia kwa ukali, akaondoka.

Mjadala wa ukali na upole kati ya watengenezaji wa programu huwa unafanywa kama mjadala wa malezi: nani ana tabia njema, nani hana. Mimi siku hizi nauona kama mjadala wa gunia la korosho, kwa hiyo naomba msomaji avumilie nieleze makosa yenyewe yalivyokuwa.

Mizani ya kidijitali inatoa uzito wenye desimali, tuseme kilo 80.7. Sehemu niliyoiandika ya kupokea namba hiyo ilikuwa inahifadhi namba nzima tu, kwa hiyo ile .7 ilikatwa. Haikusogezwa kwenda 81, ilikatwa. Kwa gunia moja huoni kitu. Mkulima mwenye magunia 20, akikatwa wastani wa nusu kilo kila gunia, amepoteza kilo 10; kilo ikienda kwa shilingi 3,000, hiyo ni 30,000 iliyoondoka bila mtu yeyote kuiba. Hilo ni kosa la kwanza.

La pili linahusu mtandao. Vijijini unakatika. Simu ya karani ikituma rekodi isipate jibu, inatuma tena, na seva, ile kompyuta kuu inayokusanya rekodi, inaweza kupokea gunia lilelile mara mbili. Kuzuia hilo niliiagiza seva ilinganishe: mkulima yuleyule, tarehe ileile, uzito uleule, basi hayo ni marudio, yatupwe. Lingekuwa peke yake, kosa hili lingeweza kujificha msimu mzima, maana ni nadra magunia mawili ya mtu mmoja kulingana hadi kwenye desimali. Ila desimali zenyewe zilikuwa zimekwisha kukatwa. Gunia la kilo 80.2 na gunia la kilo 80.7 yote yakawa 80. Seva ikaliona la pili kuwa ni lile la kwanza limerudi, ikalitupa. Ndivyo mizani ilivyokula.

Sasa waliokuwa wameniambia.

Sisi tunaoandika programu hapa Mtwara tunakutana kila Jumamosi, na katikati ya wiki tunaendelea kwenye kundi la WhatsApp. Wiki tatu kabla ya msimu, binti mmoja aliyekuwa anaijaribu programu kwa kupima mafurushi ya mchele nyumbani kwao aliandika hivi, na ujumbe wake ninao mpaka leo: "Shikamoo kaka, samahani sana kwa usumbufu, najua una kazi nyingi. Kazi ni nzuri kwa kweli, hongera. Nilikuwa nauliza tu, inawezekana ni mimi sijaelewa, kama kwenye uzito kuna kitu kidogo hivi, labda desimali, ila sina uhakika, pengine ni simu yangu. Asante sana kaka." Nikamjibu: "Marahaba mdogo wangu, asante, tutaangalia." Sikuangalia.

Nimeusoma ujumbe ule mara nyingi tangu siku ile. Neno "desimali" limo. Yule binti alikuwa amepima, ameona kwa macho yake, na alikuwa sahihi. Lakini kabla sijafika kwenye desimali alinipa njia ya kutokea, na baada yake akanipa nyingine mbili: sijaelewa, sina uhakika, pengine ni simu yangu. Nilikuwa na haraka, nikatokea kwenye ya kwanza. Simlaumu hata kidogo. Alifundishwa vizuri na wazazi wake kwamba mkubwa haambiwi amekosea mbele za watu, na kundi lile lina watu. Aliyeshindwa ni mimi, niliyejenga mahali ambapo mtu mwenye ushahidi mkononi anajiona lazima aombe radhi kwa kuwa nao.

Wa pili ni kijana wa kiume, mdogo kwake kidogo. Yeye hakuzunguka. Aliandika: "Kaka, hii ya kulinganisha uzito itafuta magunia halali. Kila rekodi ipewe namba yake kwenye simu kabla haijatumwa, halafu seva ikatae namba iliyorudiwa." Akaambatanisha kiraka chake, yaani kipande cha msimbo cha kurekebisha kosa. Wazo lilikuwa sahihi kabisa. Ndivyo mifumo ya malipo inavyofanya ili muamala usihesabiwe mara mbili. Ila kiraka chenyewe kilikuwa kimevuruga sehemu ya kuchapa karatasi, na mimi nilikifungua saa tano usiku nikiwa nimetoka safari ya Tandahimba. Nilimjibu mbele ya kundi zima kwamba hajui anachofanya, akajifunze kwanza kusoma msimbo wa wenzake kabla ya kuuharibu. Hakuna aliyeandika kitu baada yangu. Asubuhi kundi lilionyesha kuwa ametoka.

Mmoja nilimsikia bila kumwelewa. Mwingine nilimwelewa nusu nikamfukuza. Tofauti ya upole na ukali, ambayo watu huibishania kana kwamba ndiyo kiini, ilizaa tokeo moja: makosa yote mawili yalifika ghalani.

Vijana wetu wakitetea ukali, mtu wanayemtaja ni Linus Torvalds. Wana haki ya kumtaja. Alianzisha Linux mwaka 1991 akiwa mwanafunzi Helsinki, na kerneli hiyo, yaani kiini cha mfumo wa kompyuta, ndiyo iliyo ndani ya simu za Android wanazozishika. Mwaka 2005 akatengeneza Git, ambayo sisi sote tunaitumia kutunza msimbo wetu. Na ni kweli alikuwa mkali. Desemba 2012, mtunzaji mmoja wa kerneli alipotetea badiliko lililovuruga programu za sauti za watumiaji, Torvalds alimwamuru anyamaze, kwa matusi na kwa herufi kubwa, mbele ya dunia nzima. Barua ile bado inasambazwa na vijana wanaoisoma kama ushujaa.

Wanachokiacha ni kanuni iliyokuwa nyuma ya barua ile. Kanuni yenyewe ni ya huruma: badiliko la kerneli lisivunje programu ambayo mtumiaji alikuwa anaitumia jana ikafanya kazi. Usimlaumu mtumiaji, usimlaumu aliyeandika programu yake. Ukivunja, umekosea wewe, rekebisha. Naikubali kanuni hiyo kwa moyo wote. Ningekuwa nayo kichwani, yule mama asingelazimika kunihesabia magunia. Lakini kanuni inasimama bila matusi. Iandike kwa maneno ya kawaida, bado inabana vilevile.

Julai 2013, Sage Sharp, ambaye wakati huo alikuwa anatunza sehemu ya kerneli inayohusika na USB 3.0, alimtaka Torvalds hadharani aache kuwatukana wenzake. Torvalds alikataa, akisema adabu ya kuigiza ni uongo wa maofisini na yeye hataki kuuigiza. Machi 2015 mradi uliweka waraka mfupi wa namna ya kushughulikia migogoro. Haukutosha: Oktoba mwaka huohuo Sharp alitangaza kwamba ameacha kazi ya kerneli. Kisha, tarehe 16 Septemba 2018, Torvalds mwenyewe aliandika kuomba radhi, akakiri kwamba mashambulizi yake binafsi kwa watu hayakustahili, akasema anapumzika ili apate msaada wa kuelewa hisia za wenzake. Wakati huohuo mradi ukapokea kanuni za maadili zilizotokana na Contributor Covenant, waraka unaotumiwa na miradi mingi ya programu. Toleo la 4.19 la kerneli lilikamilishwa, badala yake, na mtunzaji mwenzake Greg Kroah-Hartman na kutoka tarehe 22 Oktoba 2018.

Kerneli haikuanguka. Matoleo yameendelea kutoka kila wiki tisa au kumi, kila moja likiwa na mabadiliko zaidi ya elfu kumi. Waliokuwa wanasema ukali ndio msumari unaoshika paa, paa lipo na msumari uling'olewa.

Sehemu yake iling'olewa, niwe mkweli. Agosti 2025 Torvalds alikataa kundi la mabadiliko ya RISC-V, aina mojawapo ya prosesa, akayaita takataka. Yalikuwa yamechelewa, na ndani yake kulikuwa na kipande kidogo cha kuunganisha namba mbili za biti 16 kuwa moja ya biti 32. Alieleza kwa nini hakifai: ukiandika moja kwa moja kwamba namba ya kwanza isogezwe biti 16 kushoto halafu ijumlishwe na ya pili, kila msomaji anaona ipi iko juu na ipi iko chini. Ukikificha kitendo hicho nyuma ya jina, msomaji hajui tena ni ipi inatangulia. Maelezo hayo ni somo zuri na nimekwisha kuwapa vijana wangu wa Jumamosi. Niliwasomea mara mbili, mara ya kwanza pamoja na neno takataka, mara ya pili bila hilo. Walipata somo lilelile.

Hicho ndicho kipimo ninachokitumia sasa. Uchekeche ujumbe kama unavyochekecha unga wa muhogo. Ondoa matusi uone kinachobaki. Kikibaki kitu, ujue matusi hayakuwa yanafanya kazi. Kisipobaki kitu, ujumbe wote ulikuwa hasira. Halafu uchekeche na ujumbe wa adabu kwa njia ileile. Ule wa binti ulipochekechwa ulibakiza neno moja, desimali. Wangu kwa yule kijana haukubakiza hata chembe. Sikumwonyesha mstari ulioharibika, sikumwambia kwamba karatasi hazichapwi, sikugusa wazo lake la namba. Nilimwambia habari zake yeye, na habari zenyewe zilikuwa za uongo.

Kuhusu adabu ya kuigiza, sitaki kumpita Torvalds haraka, maana pale alisema jambo ambalo watetezi wa upole hawapendi kulisikia. Ipo adabu inayoficha. Mficha uchi hazai, na mradi ambao kila mtu anasema "iko vizuri kaka" utazaa programu inayokula. Alichokosea ni dawa. Aliona uongo wa upole akadhani kinyume chake ni tusi.

Kisa kinachonifanya niamini kwamba tunapima kwa kipimo kibovu ni kile cha xz, programu ndogo ya kubana mafaili iliyomo karibu katika kila mfumo wa Linux. Ilikuwa inatunzwa na mtu mmoja, Lasse Collin, kwa kujitolea, na mwaka 2022 alisema hadharani kwamba nguvu zimempungua kwa sababu za afya ya akili. Mwaka huohuo yakajitokeza majina yasiyojulikana yakimlalamikia: mbona unachelewa, mbona mradi umekufa, mkabidhi mtu mwingine. Maneno yalikuwa ya kusukuma na kuumiza. Upande wa pili alikuwapo mtu aliyejiita Jia Tan, mpole, mvumilivu, mwenye msaada tele, anayetuma viraka safi. Hatimaye huyo mpole akapewa funguo. Mwaka 2024 matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1 yalitoka yakiwa na mlango wa siri ndani yake, wa kumwezesha aliyeutengeneza kuingia kwenye seva za watu.

Ukali ulitumika kama rungu na upole ukatumika kama ngozi ya kondoo, katika kazi moja. Anayepima watu kwa sauti zao angemwamini Jia Tan mpaka mwisho.

Aliyegundua ni Andres Freund, mhandisi wa hifadhidata. Aliona kuingia kwenye seva kwa njia ya SSH, ile ya kuifungua kompyuta ukiwa mbali, kunachukua kama nusu sekunde zaidi ya kawaida, akafuatilia hiyo nusu sekunde mpaka akafika kwenye xz. Tarehe 29 Machi 2024 aliandika alichokiona: matoleo gani, mafaili gani, amepima vipi, imechukua muda gani. Akasema wazi pia kwamba yeye si mtafiti wa usalama. Maneno hayo yanafanana kwa juu na yale ya binti yetu, sina uhakika, labda ni simu yangu, lakini kazi yake ni tofauti kabisa. Freund alitaja mpaka wa ujuzi wake baada ya kuweka ushahidi mezani. Binti aliutaja badala ya ushahidi. Na kwa nini Freund aliuweka ushahidi mbele? Kwa sababu hakuwa anamwandikia kaka yake.

Hapa ndipo mambo yetu yanapotofautiana na ya Helsinki au ya Marekani, na ndipo ninapoona vijana wetu wanabeba mzigo usio wao. Kule walipambana na ukali wa mkubwa uliozoeleka, wakalazimika kuandika kanuni. Kwetu ukali haujazoeleka; unashuka tu. Mdogo kwa mkubwa anazunguka hadi anapotea, mkubwa kwa mdogo anakata kama panga. Mimi niliye na miaka mingi kwenye kazi naandikiwa "samahani kwa usumbufu", nami najibu "tutaangalia" au nafoka. Wanasema mkubwa jalala, maana yake avumilie kutupiwa. Kwenye msimbo tumegeuza: mdogo ndiye jalala.

Kuna jambo jingine nimeliona Jumamosi baada ya Jumamosi. Vijana wakianza kubishana juu ya msimbo wanahamia Kiingereza, na wakihamia, shikamoo inabaki upande huu. Kijana asiyeweza kumwambia mwenzake kwa Kiswahili kwamba kazi yake ni takataka analiandika hilo kwa Kiingereza bila mkono kutetemeka. Nadhani hawatukanani kwa makusudi. Wameichukua lugha ya kazi pamoja na hasira walizoikuta nazo, wakadhani ni sehemu ya vifaa. Mpaka sasa nimeshindwa kuwazuia kuhama, na sijui kama nifanye hivyo, maana maneno mengi ya kazi yako huko.

Watetezi wa ukali wananiambia huku kusini tunatukanana kila siku na hakuna anayekufa. Wanamaanisha utani. Nautazama utani kwa makini kwa sababu ni hoja nzito. Ni kweli mtani anakuja msibani, anamwigiza marehemu alivyokuwa anatembea, analizuia jeneza lisitoke mpaka atolewe fedha, na wafiwa wanacheka machozi hayajakauka. Lakini mtani huyo anajulikana ni nani na ni mtani wa nani. Na mtani huyohuyo ndiye anayechota maji, anayepika, anayeshika jembe kaburini. Ruhusa ya kusema maneno mazito imefungwa pamoja na wajibu wa kubeba mizigo mizito. Sijawahi kuona mtu anatukana msibani kwa jina la utani kisha anaondoka kwenda zake kabla ya kuzika.

Inawezekana kabisa kati ya Torvalds na watunzaji wake wa miaka mingi, wanaokutana ana kwa ana na kujuana nyumbani, maneno yale yalipokelewa kama utani. Yeye mwenyewe alijitetea kwamba anawafokea wale tu wanaopaswa kujua zaidi. Ila barua za kerneli ziko wazi kwa kila mtu. Kijana wa Shangani, hapa Mtwara, anayezisoma usiku akifikiria kutuma kiraka chake cha kwanza si mtani wa mtu yeyote pale. Haoni miaka ishirini ya urafiki, anaona mtu mkubwa anavuliwa nguo, na anajiuliza yeye mdogo atafanywa nini. Hata mimi nilipomfokea yule kijana, tusi halikumfikia yeye peke yake. Lilisomwa na kila aliyekuwa kimya kwenye kundi, na mmoja wao alikuwa yule binti wa desimali. Hakurudia kuuliza habari ya uzito. Sasa najua kwa nini.

Wala watu wa huku si watu wasiojua kukataa. Oktoba 2018, mwezi uleule toleo la 4.19 lilipotoka, wakulima wa korosho wa Mtwara walikataa bei za wanunuzi mnadani, hadharani, mpaka suala likafika kwa Rais na mwezi uliofuata Serikali ikatangaza kuzinunua yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Hapana ya wazi tunayo, na tunajua kuitoa mbele ya wenye fedha.

Na tunaitoa vizuri. Mtazame mpima ubora ghalani. Anachota korosho kwenye gunia, anazikata, anaonyesha ndani: hizi hazijakauka, rudi kaanike. Mkulima anaumia, amebeba gunia kutoka mbali, lakini hapingi, kwa sababu ameonyeshwa korosho iliyokatwa na ameambiwa la kufanya. Hajaulizwa ni mtoto wa nani. Mpima ubora akianza kusema "ninyi watu wa kijiji fulani wavivu", siku hiyo ghala litawaka moto, na korosho mbichi zitaingia vilevile kwa sababu watu watakuwa wanagombania heshima.

Ndiyo maana nairudia sentensi ya yule mama. "Mwanangu, mizani yako inakula." Maneno manne. La kwanza limebeba undugu wote: yeye ni mama, mimi ni mtoto, hatutagombana. Yaliyobaki hayajavaa kitu. Hakusema labda, hakusema nadhani, wala hakusema mwizi. Alisema inakula, kitenzi ambacho kila mkulima anakijua na ambacho hakuna mtengeneza programu anayeweza kukipangua bila kwenda kutazama. Heshima aliiweka kwenye namna ya kuniita, ukweli akauweka kwenye kitenzi, na havikugusana. Kiswahili kinatupa nafasi hiyo katika karibu kila sentensi ya kuanzia kwa mtu: kaka, dada, mzee, mwalimu, mwanangu. Tukishamwita mtu vizuri, tumekwisha kumheshimu, tunaweza kusema.

Nimejaribu kulipeleka hilo kwenye kundi letu. Salamu zinabaki, sitaki kundi lisilo na shikamoo. Baada ya salamu, sentensi ya kwanza iwe kilichoonekana, na namba yake: gunia la 80.7 limeandikwa 80, nimejaribu mara tano, simu mbili tofauti. Wasiwasi na radhi vikae mwisho, kama vipo. Jumamosi tunapopitia msimbo, wadogo wanaanza kusema na mimi nasema mwisho, maana nikianza mimi hakuna atakayenipinga. Miezi miwili ya kwanza walikuwa wananitazama usoni kabla ya kufungua mdomo. Kukataa kiraka usiku nimeacha. Hasira yangu nyingi, nilipoichunguza, ilikuwa uchovu, kama ulivyokuwa uchovu uliomfanya Collin atoe funguo, na uchovu unatibiwa kwa usingizi au kwa msaidizi. Anayekataa kiraka sasa anataja mstari unaomkatalisha, na anasema kikifanyiwa nini kitapokelewa.

Wapo wenzangu wanaosema nawadekeza, kwamba wakienda kufanya kazi Dar es Salaam au Ulaya watakutana na wakali na hawatavumilia. Sioni ushahidi kwamba kufokewa kunamfundisha mtu kuvumilia kufokewa. Naona ushahidi kwamba kunamfundisha kunyamaza, na programu yangu imekwisha kulipia kimya hicho.

Binti siku hizi anaandika kama mpima ubora. Mwezi uliopita aliniambia hesabu yangu ya makato inakosea senti kwa kila mkulima, akaweka mifano mitatu, nikatazama, ikawa kweli.

Yule kijana bado. Anafanya kazi kwenye duka la kutengeneza simu, na nimeambiwa haandiki tena msimbo, ingawa sijathibitisha. Baada ya msimu nilimwandikia kumwomba radhi. Alijibu haraka: "Hamna shida kaka." Niliufurahia ujumbe huo kama siku mbili, kisha nikauchekecha, nikaona hauna kitu ndani, alinifungia mlango kwa adabu, kama alivyofundishwa. Basi nikamwandikia tena, wakati huu nikianza na kilichoonekana. Nilimwambia kwamba namba ya rekodi inayotolewa na simu ndiyo inayotumika sasa, kwamba kwa kuikataa nililifuta gunia zima la korosho kwenye karatasi ya mama mmoja, kwamba kosa la kiraka chake lilikuwa mstari mmoja wa kuchapa na lilinichukua dakika kumi kulirekebisha, na kwamba jina lake nimeliandika kwenye msimbo, juu ya sehemu ile, kwa sababu ni yake.

Tiki mbili zimegeuka bluu tangu Jumanne.